Pima Saba

Kila aliyehojiwa asubuhi ile alianza na upepo, kwamba haukuwepo. Muuguzi alisema hivyo huku aproni yake ina damu ya watu wengine. Mfagiaji naye alisema hivyo. Mama mmoja aliyekumbatia kichanga alisema mara tatu, kana kwamba mti unaoanguka bila upepo umewatapeli.

"Hata jani halikutikisika, afande. Tulisikia kitu kinapasuka, tukadhani ni bunduki. Kisha giza."

Inspekta aliandika: saa nne na dakika kumi, hakuna upepo. Kituoni walimwita Kobe, kwa sababu hakuwa na haraka ya kufika lakini hakuna aliyekumbuka siku aliyokosa kufika. Leo hata Kobe alisimama getini dakika nzima kabla ya kuingia.

Mkuyu ule ulikuwepo kabla ya zahanati kujengwa. Shina lake lilikuwa moja mpaka kimo cha kifua cha mtu, halafu likagawanyika panda, pande mbili nene, kila mmoja ungeweza kuwa mti wa kujitegemea. Sasa upande mmoja ulisimama na jeraha jeupe linalochuruzika utomvu. Wa pili ulilala kutoka ukutani hadi ukutani, majani yangali na maji ya mvua ya alfajiri, juu ya benchi la akina mama. Wanne walikuwa wamekimbizwa hospitali kuu. Mtunza stoo wa zahanati, mama wa miaka hamsini na mbili aliyetoka kunywa chai kivulini, alikuwa amefunikwa shuka. Kikombe chake cha plastiki kilikuwa bado kimesimama kwenye ncha ya benchi, chai imo, na hakuna aliyethubutu kukiondoa.

"Mimi nimeshaona maiti wengi," alisema Sajenti, mwanamke mnene ambaye kwa kawaida hakosi la kutania hata msibani. "Lakini kile kikombe, afande. Kile kikombe kimenishinda."

Inspekta alikuwa anatazama blanketi la kichanga cha yule mama. Lilikuwa dogo, la manjano, jipya, na kingo zake zilikatwa meno meno kama msumeno ili kitambaa kisifumuke. Alilijua blanketi lile kama anavyojua mlango wa kwao. Mama yake mzazi alikuwa fundi cherehani, na kila Jumanne alileta zahanati mablanketi aliyoshona kwa vipande vya nguo za wateja, awagawie waliojifungua. Leo ilikuwa Jumanne.

"Mama aliyekupa hili yuko wapi?" alimwuliza yule mzazi.

"Aliondoka saa tatu. Mungu mkubwa, afande. Alikuwa amekaa papo hapo na marehemu."

Akapiga simu. Iliita mpaka ikachoka. Mama akiwa kwenye cherehani hasikii hata radi. Inspekta alitia simu mfukoni, akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akarudi kazini.

Fundi wa miti alikuwa amekaa chini kando ya mkokoteni wake wa vifaa, kichwa mikononi. Mji mzima ulimwita Mzee Waya. Miaka thelathini alikuwa akiifunga kwa waya wa chuma miti iliyochoka: ya shuleni, ya mahakamani, ya kwenye viwanja vya matajiri. Mti ambao wengine waliuona kuni, yeye aliuona mgonjwa wa kuegemezwa. Mkuyu huu aliufunga yeye, miaka kumi na miwili iliyopita.

"Mzee, shikamoo. Nataka unieleze."

"Hakuna la kueleza. Nimeua. Andika hivyo, kisha unipeleke."

"Nani alikuwa na wewe kazini?"

"Peke yangu."

Inspekta alitazama viatu viwili vya kupandia vilivyoning'inia kwenye mkokoteni. Vilikuwa vidogo. Mzee Waya alikuwa mrefu kama mlingoti na miguu yake ilikuwa kama majahazi. Akaliweka hilo kando.

Nje ya geti sauti zilikuwa zinapanda. Watu waliokusanyika walikuwa wanamtaka huyo huyo mzee. Mkuu wa kituo naye alishapiga simu mara mbili: mzee awekwe rumande kabla ya saa tisa, kwa kuua kwa uzembe, watu watulie. Mzee wa miaka sitini na nane, mwenye kifua cha kukohoa, rumande ya kituo chao! Inspekta alijua maana yake. Angeingia kwa miguu, na kutoka kwake kungekuwa suala jingine.

"Waya ulikatika," alisema Msimamizi wa zahanati, akija mbio na tai yake imepinda. "Mimi nilisema toka mwanzo. Nina barua. Niliandika mti huu ukatwe, wakasema fundi ameufunga. Haya, si huo ameufunga?"

"Umeuona ulipokatika?"

"Si lazima uwe umekatika?"

Inspekta hakupenda neno 'lazima' katika kazi yake. Alimwambia Sajenti wakatazame, wakakanyaga matawi taratibu mpaka sehemu ya juu ya upande ulioanguka. Hapo bolti nene ilikuwa imepenya mti kwa upana wake, na mwisho wake ulikuwa na jicho la chuma ambalo gome lilikuwa limeanza kulimeza kwa miaka. Jicho lilikuwa zima. Halikuwa na waya. Halikuwa na hata uzi mmoja wa chuma uliokatika. Kilichokuwa kimefungwa hapo ni kamba ya nailoni, mbichi kwa mvua, imevutika mpaka imekuwa nyembamba, kisha ikakatika.

Sajenti akakodoa macho. "Afande, waya haukukatika. Waya haupo!"

"Umetolewa," alisema Inspekta. Mti unaotunzwa miaka kumi na miwili, mtu akaufungua, akawaacha wazazi na vichanga wakae chini yake. Ajali ilikuwa imegeuka kitu kingine mbele ya macho yao.

Na mtu wa kwanza kufikiriwa alikuwa yule mwenye barua.

Ofisi ya Msimamizi ilikuwa ndogo, safi kupita kiasi. Barua yake ilikuwepo kweli, na ndani yake sababu ya kuukata mti ilikuwa mistari miwili juu ya usalama na aya nzima juu ya maegesho ya magari. Juu ya kabati palikuwa na bunda la utepe wa plastiki wa rangi nyekundu na nyeupe, ule wa kuzungushia mahali pasipoingiwa.

"Huu wa nini?"

Msimamizi akapangusa shingo. "Wiki iliyopita nilizungushia pale kivulini. Kidogo tu."

"Kwa hatari ya mti?"

"Kwa... kwa gari langu. Jua linaharibu rangi. Akina mama walikuja juu, wakaniita majina. Marehemu mwenyewe aliongoza. Nikauondoa siku ile ile, afande, sikurudia. Na leo tangu saa moja nilikuwa kwenye kikao cha wilaya, waulize watu ishirini."

Sajenti aliwauliza wawili kwa simu. Wote walisema alikuwepo, na mmoja aliongeza kwamba alisinzia. Isitoshe, alikuwa na kitambi kisichomruhusu kupanda hata ngazi ya dari, sembuse mkuyu. Inspekta alimwachia, ila kwa shingo upande, maana mtu anayewanyima wagonjwa kivuli kwa sababu ya rangi ya gari alikuwa amemkera.

Waliporudi uani walimkuta kijeba mmoja kando ya Mzee Waya. Alikuwa mfupi, mkakamavu, mabega kama ya mpiga mbizi, na begani alikuwa na bunda jipya la waya wa chuma. Muuguzi alisema amesimama hivyo hivyo tangu wao walipoingia ofisini. Alifika na waya wake akakuta mti uko chini, na tangu hapo hajautua wala hajasema neno.

"Huyu ni nani?"

"Mume wa binti yangu," alisema Mzee Waya haraka. "Amekuja kuniona. Hahusiki."

"Wanamwita Tumbili," Sajenti akanong'ona. "Ndiye anayempandia siku hizi. Kila mtu anajua."

Inspekta alichuchumaa kwenye mkokoteni. Chini ya magunia palikuwa na mabunda mawili mengine ya waya. Moja lilikuwa la kutu, nyuzi zake tatu zimefumuka kama mkeka wa zamani. La pili lilikuwa linang'aa kwa mafuta ya dukani, halijawahi kubeba kitu. Ubavuni mwa mkokoteni paliandikwa kwa chaki: PIMA 7.

"Sajenti, yanyooshe yote mawili. Moja kando ya lingine."

Waliyanyoosha kwenye ukumbi wa zahanati, vichwa sawa. Waya wa kutu ulienda mpaka mlango wa maabara. Mpya uliishia kabla yake, zaidi ya hatua mbili.

"Fundi wa miaka thelathini," alisema Inspekta polepole, "anakata waya mfupi kiasi hiki?"

Mzee Waya alikohoa. "Macho yangu ni mabovu."

"Macho hayapimi pima, mzee. Mikono ndiyo inapima. Simama. Nyoosha mikono yako."

Mzee alisimama kwa shida, akainyoosha mikono, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, pima moja. Sajenti akaweka alama mbili za chaki ukutani.

"Na wewe, Tumbili. Tua hilo bunda. Hapa hapa, chini ya alama za mzee."

Alipoinyoosha yake, ncha za vidole zilikosa alama kwa shubiri nzima na kitu. Zidisha mara saba. Tumbili alizitazama zile alama, akatazama waya uliolala sakafuni. Alikaa sakafuni akalia kwa sauti.

"Baba aliniambia pima saba. Nikapima kwa mikono yangu, nikakata."

"Kuuliza si ujinga. Kwa nini hukuuliza pima ya nani?"

"Afande, ni baba mkwe! Nitamwuliza nini? Ameniamini kazi, amenipa binti, halafu nimwambie nipimie tena?"

"Nyamaza," alisema Mzee Waya. "Pima ni yangu na kosa ni langu. Binti yangu ana mimba ya miezi minane. Mkichukua mtu, nichukueni mimi."

Basi ikatoka yote, vipande vipande. Panda ya mkuyu ule ilikuwa mbovu tangu ujana wake: gome lilikuwa limeingia katikati, pande mbili zimesukumana tu, hazijashikana. Ndiyo maana palipitishwa chuma chenye nati huku na huku pale pandani, na juu, theluthi mbili ya kimo, ukafungwa waya wa kuzuia upande mmoja usiuache mwenzake. Kanuni ya Mzee Waya ni moja: waya wa zamani hautoki mpaka mpya umekaza. Jana jioni, mawingu yakiwa yanakuja na waya wa zamani umefumuka nyuzi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliruhusu utangulie kutoka, maana bolti zilikuwa nzima na mpya ulikuwa tayari umekatwa. Tumbili akiwa juu ndipo alipouvuta ule mpya ukakataa kufika. Duka lilikuwa limefungwa. Wakafunga kamba ya nailoni ya kushikilia mpaka asubuhi, Tumbili akanunue waya mwingine. Na nailoni ikilowa huvutika.

"Kwa hiyo mlijua ni hatari," alisema Inspekta, "mkawaacha watu wakae pale?"

"Hatukuwaacha!" Tumbili alifoka, machozi na kamasi vikimshuka. "Tulibeba benchi tukalipeleka ukutani kule! Tukazungusha utepe mwekundu na mweupe pande zote nne! Baba akamwambia mlinzi wa usiku asipite hata paka!"

Inspekta alitazama uani. Benchi lilikuwa chini ya mti. Utepe haukuwepo.

Mlinzi wa usiku alipatikana kwa simu, usingizini. Utepe ulikuwepo alipotoka saa kumi na mbili. Alimsubiri mwenzake wa mchana ampe habari, hakufika, naye akaenda zake. Mfagiaji aliyeingia saa mbili na nusu hakuona utepe wowote, na aliwakuta watu wamekaa.

Kati ya saa kumi na mbili na saa mbili na nusu, basi, kuna mkono uliopita pale.

"Mliufunga wapi?"

Tumbili alihesabu kwa vidole. Vigingi viwili vya chuma, ambavyo sasa vilikuwa chini ya matawi. Mti wa uzio, uliokuwa umevunjwa na mkuyu. Na nguzo ya bomba la maji.

Inspekta alienda kwenye bomba peke yake. Fundo la Mzee Waya lilikuwepo, limekazwa kifundi, halikufunguliwa. Aliyeondoa utepe alikuwa ameukata karibu na fundo, ikabaki ncha fupi kama urefu wa kidole gumba. Aliinama akaitazama. Kisha akavua kofia, akaitazama tena.

Ncha ile ilikuwa imekatwa meno meno kama msumeno.

Wauguzi hawana mkasi wa namna ile. Wala mafundi wa miti hawana. Alishika bomba kwa mkono, na maji yakaanza kutoka, yakamlowesha suruali, naye hakuyafunga.

"Afande?" Sajenti alikuwa nyuma yake. Alifunga bomba. Aliangalia fundo, kisha akaangalia kichanga chenye blanketi la manjano kule ukumbini, kisha akamwangalia mkubwa wake, na mkono wake ukaenda mdomoni.

"Kata hilo fundo zima, tia mfukoni, andika muda," alisema Inspekta. "Halafu twende kwa mama yangu."

"Kumpa pole?"

"Kuchukua maelezo."

Cherehani ilikuwa inalia kama kawaida yake. Mama alikuwa ameinama juu ya sare ya shule ya mtu, miwani imeshuka puani, na simu yake ilikuwa chini ya rundo la vitambaa. Dirishani, kwenye mkebe wa vifungo ambao haukuwahi kukataa kitu kinachoweza kufaa kesho, ulikaa utepe mwekundu na mweupe, umeviringishwa vizuri.

"Mapema leo, baba! Umekula? Na mgeni karibu, mwanangu, sogeza hizo nguo ukae."

Hakuna aliyekaa.

"Mama, zahanati leo ulifika saa ngapi?"

"Saa mbili kasoro. Heri umeuliza, maana nina hasira! Yule bwana mwenye gari amezungusha utepe wake tena. Wazazi wamesimama juani na vichanga vya siku tatu, eti kivuli ni cha gari! Nikatoa mkasi nikakata wote. Shoga yangu wa stoo alicheka mpaka akashika mbavu. Tukalifuata benchi ukutani, mimi huku yeye kule, wanawake wawili wazee tunabeba benchi kama vijana. Nikamwambia, kaa hapa shoga, pafaidi, kikombe chako nitakujazia kabla sijaondoka." Alikata uzi kwa meno. "Ukimwona huyo bwana mwambie mimi ndiye niliyekata. Simwogopi."

Inspekta alimsogelea mpaka kwenye cherehani.

"Utepe haukuwa wa mwenye gari, mama. Ulikuwa wa fundi wa miti. Mti ulikuwa umefunguliwa waya. Umeanguka saa nne. Shoga yako amefariki."

Mguu wa Mama ulikuwa bado kwenye kanyagio, na gurudumu la cherehani lilizunguka mara kadhaa peke yake, sindano ikipanda na kushuka bila kitambaa. Alivua miwani. Aliweka kiganja kifuani, akakibonyeza, kama anayetafuta kitu kilichokuwa hapo asubuhi.

"Mimi ndiye niliyemkalisha," alisema.

Sajenti alikuwa amegeukia mlango.

Inspekta alitaka kumwambia mambo mengi. Kwamba hakuna aliyemwambia. Kwamba mlinzi aliondoka, kwamba Msimamizi ndiye aliyemfundisha kutouamini ule utepe, kwamba yeye, mwanawe, angeweza kuandika ripoti yenye pima fupi na kamba iliyolowa, na ikatosha. Fundo lilikuwa mfukoni mwa Sajenti, na Sajenti angekaa kimya mpaka kaburini kama angeombwa. Hakuomba. Lakini alilifikiria, na Mama alimwona akilifikiria.

"Na yule mzee wa waya," Mama aliuliza, "mmemfanya nini?"

"Yuko chini ya ulinzi. Watu wanamngoja getini. Mkuu anataka awe rumande kabla ya saa tisa."

"Sasa ni saa ngapi?"

"Saa saba na robo."

Mama alisimama. Aliifunika cherehani kwa kitambaa chake, akajitanda mtandio, akauchukua utepe kutoka kwenye mkebe wa vifungo akauweka juu ya meza.

"Basi twende, tusichelewe. Hawezi kulala ndani mtu kwa mkasi wangu."

Kisha akautoa ule mkasi kwenye droo. Aliushika kwa upande wa makali, mpini ukimwelekea mwanawe, kama alivyomfundisha kupokezana mkasi akiwa na miaka mitano, na Inspekta akaupokea.